Samaki wa Maji Chumvi Akihema: Kumtafuta Kimelea na Kumtibu Ukiwa Nakuru au Kisumu

Kangaja wa buluu, samaki wa tangi la maji chumvi, amesimama mbele ya pampu, kichwa kikielekea mkondo, mdomo wazi, vifuniko vya matamvua vikipiga bila kupumzika. Ngozi ni safi, haina hata doa. Mwenye tangi anatafuta doa, halioni, anasema ni uchovu wa safari ya basi kutoka Pwani. Kesho yake alfajiri samaki amelala ubavu mchangani.

Kosa lilikuwa kusubiri doa. Vimelea wabaya kuliko wote wa samaki wa bahari huanzia kwenye matamvua, na huku bara matamvua hayana akiba ya kuchezea. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la hewa yake ni takriban asilimia 80 ya lile la Mombasa, na oksijeni inayoyeyuka majini hupungua kwa kiasi hicho hicho. Maji ya chumvi ya nyuzi 26 yaliyoshiba hewa kabisa hubeba kama miligramu 6.6 za oksijeni kwa lita yakiwa ufukweni. Nakuru hubeba kama 5.3, na Kisumu, kwenye mita 1,130 hivi, kama 5.8. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye pumzi, na ngozi inafuata.

Hesabu pumzi kabla hujagusa dawa

Mrekodi samaki kwa simu kwa sekunde 30, kisha tazama video polepole ukihesabu vifuniko vinavyofunguka. Zidisha mara mbili. Samaki wengi wadogo wa miamba wakiwa wametulia hupumua kati ya mara 60 na 90 kwa dakika. Klauni huweza kuzidi hapo bila kuumwa. Namba yenye maana hasa ni ile ya samaki wako mwenyewe siku aliyokuwa mzima, kwa hiyo iandike mapema. Akipanda kwa nusu ya kawaida yake na asishuke ndani ya saa moja, kuna jambo. Akipita 120 huku anabaki juu au mbele ya pampu, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo.

Jambo la kwanza ni hewa, hata kabla hujajua ugonjwa. Ongeza pampu ya hewa na jiwe lake, elekeza pampu ya mkondo ivuruge uso wa maji, toa kifuniko. Kisha pima amonia na joto. Amonia ikionekana kwenye kipimo, huenda hakuna kimelea kabisa: badilisha nusu ya maji kwa maji ya chumvi ile ile na joto lile lile, halafu hesabu tena baada ya saa mbili. Samaki aliyetoka Mombasa amesafiri zaidi ya kilomita 600 ndani ya mfuko. Humo kaboni dayoksaidi imeshusha pH na kuifanya amonia isiwe kali. Ukifungua mfuko na kuanza kuweka pampu ya hewa humo humo, pH inapanda na amonia ile ile inageuka sumu mbele ya macho yako. Linganisha joto mfuko ukiwa umefungwa, ufungue, pima chumvi, na kama tofauti ni ndogo mhamishe samaki ndani ya dakika chache. Maji ya mfuko yamwagwe, yasiingie tangini.

Kama wote wanahema kwa pamoja baada ya stima kupotea usiku, ni oksijeni. Kama amehema mmoja, kesho wawili, keshokutwa wanne, na maji yanapima vizuri, ni vimelea.

Anahema, haonyeshi doa, amekataa chakula: shuku mahameli

Huu ndio ugonjwa unaomaliza tangi zima ndani ya siku chache. Kisababishi ni *Amyloodinium ocellatum*, kiumbe chenye chembe moja kinachojishika kwa vizizi kwenye matamvua, kinanyonya siku tatu nne, kinadondoka, kinajifunga kwenye kifuko na kugawanyika hadi kutoa watoto 256 wanaoogelea. Hesabu hiyo ndiyo inayotisha: kimelea kumi walioshiba wanaweza kurudi wakiwa zaidi ya elfu mbili.

Dalili zake: kusimama kwenye mkondo wa pampu, kukimbia mwanga, kuacha kula ghafla, kupumua kwa kasi. Vumbi kwenye ngozi huja mwishoni, na wengine hufa kabla halijaonekana. Ili kulitafuta, zima taa zote chumbani usiku, washa tochi ukiishika ubavuni mwa kioo ili mwanga upite sambamba na ngozi ya samaki, usimmulike usoni. Kama ni mahameli utaona unga laini sana wa rangi ya kijivu au dhahabu, kama vumbi la barabara ya murram lililotua juu ya gari. Ukiona punje unazoweza kuzihesabu moja moja, huo si mahameli, ni madoa meupe.

Ukishuku, usingoje uhakika. Andaa beseni la lita 10 za maji ya chumvi kutoka kwenye tangi, weka jiwe la hewa, kisha changanya hidrojeni peroksaidi ya duka la dawa kufikia miligramu 75 kwa lita: hiyo ni mililita 25 kama chupa imeandikwa asilimia 3, au mililita 12.5 kama ni asilimia 6. Soma lebo, maana chupa hizo mbili hukaa kwenye rafu moja na kuzikosea ni kuzidisha dawa mara mbili. Samaki akae humo dakika 30, wewe ukiwa umesimama hapo. Akipinduka, mtoe. Kisha aende moja kwa moja kwenye tangi la wagonjwa lenye maji mapya, si alikotoka. Rudia baada ya siku 6, tena ukimhamishia kwenye maji na vyombo visivyo na vimelea. Kama unayo dawa ya shaba, inayoelezwa mbele, peroksaidi ni ya kumpunguzia mzigo siku ya kwanza, halafu shaba inamaliza kazi.

Kupunguza chumvi hakusaidii hapa. Kimelea huyu huvumilia chumvi kidogo sana, na atastahimili kiwango ambacho samaki wako hawezi. Wengi hupoteza wiki nzima kwenye jambo hili.

Tangi la wagonjwa liwe angalau mita 3 kutoka tangi kuu. Watoto wa mahameli husafiri kwenye matone madogo yanayorushwa na mapovu ya hewa, na chumba chenye feni huwapeleka mbali.

Punje nyeupe kama chumvi

Ukiona punje, nyingi kwenye mapezi, za ukubwa wa chembe ya chumvi ya mezani, umekutana na *Cryptocaryon irritans*. Kangaja hupata kwanza, hasa wa buluu, ambaye huvuliwa Bahari ya Hindi na hufika huku akiwa na ngozi nyembamba na hofu nyingi.

Hapa ndipo watu hudanganyika zaidi, na inafaa kukaa kidogo. Punje unayoiona ni kimelea aliyejichimbia chini ya ngozi. Anakula siku 3 hadi 7, halafu anatoka mwenyewe, mara nyingi gizani kabla ya mapambazuko. Anajibandika mchangani au kwenye mwamba, anajifunga kwenye kifuko kigumu, na humo anagawanyika. Kifuko hupasuka baada ya siku 3 kwenda mbele, vingi ndani ya mwezi, vingine huchelewa zaidi ya miezi miwili. Watoto wanaotoka wana siku moja au mbili tu za kumpata samaki, wakimkosa wanakufa.

Sasa tazama inavyoonekana kwa mwenye tangi. Jumatatu punje 20. Jumanne anaweka kitunguu saumu kwenye chakula. Ijumaa punje zote zimekwisha. Anashukuru kitunguu saumu. Wiki mbili baadaye punje ni 300, matamvua yamejaa, na samaki wanaanza kufa. Kitunguu hakikufanya chochote. Punje zilitoka kwa sababu wakati wake ulifika. Kamba msafishaji naye hawezi kumfikia kimelea aliye chini ya ngozi. Kupandisha joto peke yake kunaharakisha mzunguko na kupunguza oksijeni, jambo ambalo Kisumu mwezi wa pili, tangi likigusa nyuzi 30 mchana, ni kuongeza msumari kwenye kidonda.

Kwa ugonjwa huu, na kwa mazingira yetu ambapo vipimo vya shaba huagizwa mbali, tiba bora ni kuhamahama. Haina dawa. Inategemea ukweli mmoja: kifuko hakipasuki kabla ya siku 3. Ukimhamisha samaki kila saa 72 kwenda chombo kingine kikavu na chenye maji mapya, vifuko vinabaki nyuma.

Chukua mabeseni mawili ya plastiki ya lita 40 na seti mbili kamili za hita, jiwe la hewa na kipande cha bomba la PVC la kujifichia. Jumatatu saa 2 asubuhi samaki anaingia beseni la kwanza. Alhamisi saa 2 anahamia la pili. Jumapili anarudi kwenye la kwanza, ambalo wewe umelimwaga siku ile ile ya Alhamisi, ukalisugua na kulianika juani hadi likakauka kabisa pamoja na hita, mpira wa hewa na jiwe. Jumatano anahama tena. Jumamosi anatoka kwenda tangi la mwisho ambalo halijawahi kuguswa na maji ya mwanzo. Mapema kidogo si neno. Kuchelewa ndiko kunakoharibu, hivyo usiseme nitamhamisha jioni nikitoka kazini. Mkamate kwa chombo cha plastiki chenye matundu, maji yachuruzike, asipite na kikombe cha maji machafu.

Gharama yake ni chumvi. Kujaza beseni la lita 40 mara nne ni lita 160, na kwa gramu 37 hivi za chumvi ya akwaria kwa kila lita unahitaji kama kilo 6. Usijaribu kupunguza gharama kwa chumvi ya mezani: ina iodini iliyoongezwa na dawa ya kuzuia kugandamana, na haina kalsiamu, magnesiamu wala kitu cha kushikilia pH. Maji ya bahari yaliyobebwa kwa mitungi kutoka Pwani yanafaa, mradi yachotwe mbali na mito na bandari, yakae gizani yamefungwa wiki mbili ili vimelea wengi wanaohitaji samaki wafe, kisha yapigwe hewa siku nzima.

Beseni halina chujio lililokomaa, lenye bakteria wa kula amonia, kwa hiyo amonia itapanda. Lisha kidogo, toa mabaki, pima siku ya pili. Dawa ya kufunga amonia inaruhusiwa hapa kwa sababu hakuna shaba majini.

Njia ya pili ni kupunguza chumvi hadi uzito wa maji ufike 1.009 (maji safi yakiwa 1.000) na kuishikilia kwa siku 30 baada ya punje ya mwisho kuonekana. Kwenye tangi la lita 80 lenye 1.025, toa lita 20 uweke lita 20 za maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, wala klorini, mara tatu, kila baada ya saa 12; mara ya nne badilisha lita 12 tu. Utakuwa umefika 1.009. Unahitaji rifraktomita, kifaa cha kupimia chumvi, iliyosawazishwa, kwa sababu 1.011 haiui kimelea na 1.007 inamuumiza samaki. pH itashuka kila siku. Nusu kijiko cha chai cha baking soda iliyoyeyushwa kwanza kwenye kikombe, kisha pima, kisha nyingine kama inahitajika. Kurudisha chumvi juu kufanyike polepole kuliko kuishusha, isizidi 0.002 kwa siku. Zipo aina za kimelea huyu zinazostahimili chumvi hiyo ndogo. Punje mpya zikitokea wiki ya pili na rifraktomita yako ni sahihi, acha njia hii uhamie kuhamahama au shaba.

Ute mzito unaomenyeka, hasa kwa klauni

Ngozi inapoteza rangi kwa mabaka, ute unaning'inia kama nailoni iliyochanika, samaki anahema juu ya maji. Ikiwa ni klauni aliyevuliwa baharini na amefika wiki hii, karibu kila mara ni *Brooklynella hostilis*. Huyu hana kifuko. Anajigawa juu ya samaki pale pale, ndiyo maana anaua kwa siku mbili tatu. Shaba haimwezi, wala kupunguza chumvi.

Dawa ni formalini yenye formaldehaidi asilimia 37. Kipimo ni mililita 1.5 hadi 2.5 kwa lita 10 za maji ya chumvi, dakika 30 hadi 60, joto lisizidi nyuzi 27, hewa ikiwa kali. Anza na mililita 1.5 ukiwa Nakuru. Formalini hula oksijeni na kuchoma matamvua yaliyo tayari kuchoka, na wewe ulianza na asilimia 80 tu. Chunguza chupa kabla: ukiona unga mweupe umetuama chini, usiitumie, usiitikise, usiichuje. Unga huo ni sumu kali zaidi kwa samaki. Fanyia kazi nje, si jikoni, ukiwa na glavu na miwani. Mvuke wake unasababisha saratani, na mtoto asiwe karibu. Rudia baada ya siku mbili, kila mara ukimrudisha samaki kwenye maji mapya. Kama formalini haipatikani leo, kumwogesha maji baridi dakika 5 kunaondoa ute na sehemu ya vimelea, na kunampa nafasi ya kuiona kesho.

Anajikuna mwambani, jicho limefanya ukungu

Kujikuna mara moja moja si ugonjwa. Kujikuna kila dakika chache, kutikisa kichwa, kupiga miayo, mboni iliyofunikwa na utando, mapezi yamebanwa: hao ni minyoo bapa. Wa ngozi, kama *Neobenedenia*, hufika milimita 2 hadi 6, lakini huonyesha mwanga kupita ndani yao na hivyo hawaonekani wakiwa hai. Maji baridi ndiyo yanayowafichua.

Tumia beseni jeusi. Weka lita 8 za maji yasiyo na klorini, joto sawasawa na tangi, pH ipandishwe kwa baking soda hadi 8.2 hivi, hewa ikizunguka kwa dakika 20 kabla. Mweke samaki dakika 5. Sekunde za kwanza anaweza kulala ubavu. Mpe nafasi, lakini akiendelea kupiga vibaya mtoe. Mara nyingi ndani ya dakika mbili utaona vitu vyeupe, bapa, kama punje za ufuta zilizomenywa, vikielea kuelekea chini ya beseni. Kwenye beseni jeupe usingeviona. Hapo umepata jibu bila darubini.

Lakini kuoga ni kipimo zaidi ya tiba, kwa kuwa mayai yao yana nyuzi za kunata, yamebaki tangini na maji baridi hayayagusi. Dawa yake watu wa Kisumu wanaifahamu vizuri kwa sababu nyingine: prazikwanteli, ile ya kichocho, vidonge vya miligramu 600. Kipimo ni miligramu 2.5 kwa lita, hivyo kidonge kimoja kinatosha lita 240, na robo kidonge, miligramu 150, lita 60. Ponda iwe unga laini, loweka kwenye vijiko viwili vya pombe kali isiyo na rangi wala sukari, koroga, kisha mimina taratibu mbele ya pampu. Ndani ya maji matupu dawa hii hukataa kuyeyuka na hubaki chini kama chokaa. Ondoa kaboni kwenye chujio. Maji yakichafuka kidogo siku ya pili ni bakteria wanaokula dawa na vijazo vya kidonge, na wao pia wanachukua oksijeni, hivyo pampu ya hewa isizimwe. Baada ya siku 5 hadi 7 badilisha asilimia 30 ya maji na urudie kipimo kizima, ili kuwakamata walioanguliwa. Dozi moja pekee ndiyo sababu kubwa ya watu kusema prazikwanteli haifanyi kazi. Waambie mfamasia ukweli kwamba ni ya samaki.

Vidoa vyeusi kama pilipili manga kwenye kangaja wa manjano ni jamaa ya minyoo hawa. Kuoga maji baridi na prazikwanteli vinatosha.

Kidonda chekundu ubavuni

Kromisi wa kijani, vitatange na samaki wengine waliojazana wanaponunuliwa: baka jekundu kama jeraha la moto, magamba yamesimama, bado anakula, kesho amekufa. *Uronema marinum* anaishi bila samaki, anakula bakteria na uchafu, kwa hiyo tangi kukaa tupu hakumuui na shaba haimfiki. Akiwa juu ya ngozi formalini humwondoa. Akishaingia kwenye nyama hakuna dawa ninayoiamini, na mtu akuambie mapema usitumie pesa. Mtenge aliye na kidonda saa hiyo hiyo.

Uvimbe kama ua la koliflawa pembeni mwa pezi ni virusi, si kimelea. Lisha vizuri, huondoka wenyewe baada ya wiki kadhaa. Kinyesi cheupe kirefu na mgongo uliokonda ni vimelea wa tumboni: metronidazoli miligramu 400 kwenye gramu 60 hivi za chakula kilichogandishwa, siku 10 hadi 14. Akishaacha kula, dawa ya kwenye chakula haina njia.

Darubini ya shule inatosha

Mkwaruzo wa ute kutoka nyuma ya pezi la ubavuni, kwa ukingo wa kioo cha kufunikia, tone moja la maji ya chumvi ya tangi, ukuzaji wa mara 100. Tazama ndani ya dakika 10. Kikubwa, cheusi ndani, kinachojizungusha polepole mahali pamoja ni *Cryptocaryon*. Kilichotulia tuli kama pea nyeusi ni mahameli. Kinachoteleza kama figo ndogo ni *Brooklynella*. Kadogo zaidi, kenye umbo la tone, kanachokimbia huku na huku ni *Uronema*. Maabara nyingi za biolojia za sekondari zina kifaa hiki, na kuomba nusu saa ni rahisi kuliko kununua samaki wengine.

Shaba, na jinsi inavyoua

Shaba inatibu mahameli na madoa meupe, kwa kuwaua watoto wanaoogelea. Aliye juu ya samaki na aliye kwenye kifuko hawaijali. Ndiyo maana kiwango lazima kisishuke hata siku moja.

Kuna shaba za aina mbili na namba zao hazibadilishani. Ile huru inafanya kazi kwenye miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita. Ile iliyofungwa, ambayo huuzwa kama dawa tayari, inafanya kazi kwenye 1.5 hadi 2.5 kulingana na lebo. Mtu akisoma 2.0 mahali halafu akaifikisha kwa shaba huru, ameweka mara kumi. Samaki wote watakufa usiku huo. Andika aina ya shaba kwa kalamu ya wino kwenye kioo cha tangi.

Mrututu (salfeti ya shaba) wa agroveti usitumike. Mwingine umechanganywa na chokaa kwa ajili ya ukungu wa mimea, na hata ulio mtupu ukiingia maji ya bahari unatuama badala ya kubaki umeyeyuka. Ukipata wa maabara, hesabu ni hii: gramu 3.93 ndani ya lita moja ya maji safi hutoa miligramu 1 ya shaba kwa kila mililita, hivyo lita 80 halisi zinahitaji mililita 16 kufika 0.20. Zigawe mara nne, mililita 4 kila saa 12, ukipima kabla ya kila nyongeza. Lita halisi ni zile ulizohesabu kwa ndoo wakati wa kujaza, siyo zile fundi wa vioo alizokuambia. Kwa anayeanza, ningechagua iliyofungwa: haishuki ovyo.

Tangi la shaba liwe tupu: kioo, vipande vya PVC, hita, chujio la sponji lililokaa kwenye tangi kuu lisilo na ugonjwa wiki 3 au 4. Mchanga wa matumbawe na mwamba hunywa shaba leo na kuitapika siku nyingine. Usiweke dawa ya kufunga amonia wala ya kuondoa klorini ndani ya maji yenye shaba. Huigeuza kuwa ya aina iliyo kali zaidi. Maji ya bomba yaondolewe klorini kwenye ndoo kwanza, siku moja kabla. Ya mvua kutoka paa la mabati yana zinki, na ya visima vingi vya Nakuru yana floraidi nyingi, kwa hiyo yaliyochujwa kwa mashine ya osmosi ndiyo salama. Siku 30 kamili, kipimo kila siku. Mikunga, taa na papa hawavumilii shaba. Bunju huivumilia kwa shida.

Stima ikipotea, betri ya pampu ya hewa ndiyo inayokuja kabla ya hita. Usiku wa Nakuru unaweza kushuka hadi nyuzi 10, lakini lita 80 zilizofunikwa blanketi pande tatu hupoa polepole, wakati oksijeni haingoji. Usipokuwa na betri, chota maji kwa jagi na uyamwage kutoka juu, kila dakika 10.

Tangi kuu likae bila samaki

Tiba hizi zote zinampa samaki safi. Tangi alilotoka bado lina vifuko. Shaba haiwekwi humo, kwa kuwa inaua matumbawe, kamba na konokono na kubaki kwenye mwamba. Toa samaki wote, hata yule anayeonekana mzima, na uhesabu siku 76 kwa madoa meupe. Kwa mahameli wiki 6 zinatosha. Matumbawe na kamba wanabaki na wanalishwa kama kawaida. Kikapu, kijiko, mkono wenye maji kutoka tangi la wagonjwa: chochote kilicholowa kikigusa tangi kuu, hesabu inaanza upya kutoka siku ya 1. Tenga vyombo vya rangi mbili, vya bluu kwa wagonjwa na vyekundu kwa tangi kuu, na uhudumie tangi kuu kwanza kila asubuhi.

Konokono au tumbawe jipya linaweza kubeba kifuko kwenye ganda, kwa hiyo ukinunua katikati ya siku hizo, nalo lina siku zake 76 kwenye chombo kisicho na samaki. Maji ya shaba na formalini yasimwagwe kwenye mtaro unaoelekea ziwani. Yamwage kwenye choo cha maji kinachoingia kwenye bomba la maji taka.